Ngara na Biharamulo: Kiingereza kinachokwama kwenye herufi

*Mabishano juu ya lugha ya kufundishia yamepita miaka 40. Wakati wakubwa wanavutana, mtoto wa darasa la tatu anasoma "name" kama "na-me", na hakuna aliyepewa kazi ya kumweleza kwa nini haisomwi hivyo.*

KATIKA shule ya msingi ya kijijini, iwe Rulenge wilayani Ngara au Nyakahura wilayani Biharamulo, mtoto wa darasa la tatu aliyekwisha kuimudu "ba be bi bo bu" hatishiki na maneno haya matano yakiandikwa ubaoni: name, pole, mate, wake, same. Atayasoma bila kukwama. Na-me. Po-le. Ma-te. Wa-ke. Sa-me.

Matatu kati ya hayo atakupa na maana yake. Aliyewahi kuiangalia ramani ataongeza kwamba Same iko Kilimanjaro.

Lakini kipindi ni cha Kiingereza, kwa hiyo yote matano ni makosa. Ukiyatazama makosa yenyewe kwa karibu, utaona ni kazi ya mtoto aliyefundishwa akafundishika. Miaka miwili ameambiwa kila herufi ina sauti yake: a ni a, e ni e, popote zitakapowekwa. Kiswahili hakijawahi kumwangusha. Leo e ya mwisho imekuwa bubu, na a iliyo nyuma yake imegeuka "ei". Sababu haitajwi. Mwalimu anasema "neim", darasa zima linaitikia "neim", kengele inagongwa.

Hapo ndipo Kiingereza cha wilaya hizi mbili za mkoa wa Kagera kinapoanza kukwama, mapema kuliko tunavyopenda kukiri.

Lugha ya tatu

Ngara ni kona ambako Tanzania inapakana na Rwanda na Burundi kwa mpigo mmoja. Lugha za nyumbani ni Kihangaza na Kishubi, ndugu wa karibu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Ukishuka Biharamulo unakutana na Kisubi, Kizinza na Kihaya, na Kisukuma kilichoingia pamoja na wafugaji na wakulima waliofuata ardhi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 320,056 Ngara na 323,486 Biharamulo, na sehemu kubwa yao wanaishi vijijini.

Kwa watoto wengi wa huko, Kiswahili ni lugha ya redio, ya mnadani na ya shule. Wanaanza kukisikia kwa wingi siku wanayoandikishwa. Walimu wa ukanda huo wanaijua vizuri vita ya l na r: mtoto anaomba karamu, na anachotaka ni kalamu. Kabla Kiingereza hakijafika, tayari kuna lugha moja ngeni ya kujifunza kusomea.

Kiingereza kinakuja kuwa cha tatu, na hakina pa kujishikiza nje ya darasa. Pengine maandishi ya Kiingereza anayoyaona mtoto wa Lusahunga au Nyakanazi mara nyingi kuliko yote ni yale ya nyuma ya malori yanayokwenda Kigali na Bujumbura: Long Vehicle, Transit Goods. Anayaona kila siku ya Mungu. Hakuna anayemsomea.

Mwandiko mzuri unaodanganya

Chukua madaftari mawili ya Kiingereza ya darasa la nne au la tano, ya aina ambayo mwalimu yeyote wa msingi atakuambia anayaona kila wiki.

La kwanza ni safi. Herufi zimekaa juu ya mstari, nukta ziko mahali pake: *I am a girl. I go to school.* Vema nyekundu, na pembeni neno "good". Sasa funika ubao, weka kidole chini ya neno "school" na umwombe mwenye daftari alisome. Kimya. Mtoto amenakili. Amechora maneno kama ambavyo angechora nyumba au mti, mstari kwa mstari, na amechora vizuri.

Daftari la pili limejaa mikwaju ya kalamu nyekundu: *Ai amu a gelo. Ai go tu skulu.* Huyu ameambiwa hajui. Lakini amelisikia neno, amelikata kwa sauti zake, akaitafutia kila sauti herufi yake kwa kanuni pekee anayoijua, ya Kiswahili. Ndicho hasa kitu kinachoitwa kuandika. Kilichobaki ni kumwonyesha kanuni nyingine.

Kwa maoni yangu mtoto wa daftari la pili yuko mbele ya mwenzake kwa mbali, na mfumo wetu wa kusahihisha unamrudisha nyuma. Simlaumu mwalimu. Mwenye darasa lenye watoto wengi kuliko madawati husahihisha kinachoonekana haraka, na mwandiko ndio unaoonekana. Kumsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma kunahitaji muda ambao ratiba haikuutenga.

> Mtoto aliyeandika "Ai go tu skulu" amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyenakili sentensi safi asiyoweza kuisoma.

Kazi isiyo na mwenyewe

Twende nyuma kidogo. Mwaka 2012 Taifa lilishtuka kusikia kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka uliofuata, Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne yalitoka na karibu asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri. Serikali iliunda tume.

Lakini dalili zilikuwapo. Utafiti wa Uwezo, unaopima watoto majumbani mwao kwa hadithi na hesabu za kiwango cha darasa la pili, ulishasema mwaka 2010 kwamba karibu nusu tu ya wanafunzi wa darasa la saba waliweza kusoma hadithi hiyo kwa Kiingereza. Kumbuka: hadithi ya darasa la pili, msomaji wa darasa la saba, na mwaka unaofuata masomo yake karibu yote yatakuwa kwa lugha hiyo.

Dawa iliyokuja ilikuwa KKK. Kuanzia 2015, darasa la kwanza na la pili yaliondolewa msongamano wa masomo ili mtoto akazane na Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa Kiswahili. Kiingereza kikasogezwa hadi darasa la tatu. Ulikuwa uamuzi wenye akili. Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, aliandika tangu 1979 kwamba stadi anayoijenga mtoto katika lugha anayoielewa humfaa anapoingia nyingine. Kusoma hujifunzwa mara moja, halafu huhamishwa.

Uhamisho huo, hata hivyo, haujiendeshi wenyewe, na hapa ndipo waliopanga walipoacha pengo. Mwalimu wa darasa la tatu alipokea watoto akiamini kusoma kumeshamalizwa chini, akafungua kitabu cha Kiingereza kwenye kifungu cha habari na maswali. Mwalimu wa kidato cha kwanza alipokea watoto akiamini Kiingereza kimeshafundishwa msingi, akaanza na photosynthesis. Katikati yao hakuna aliyeandikiwa kazi ya kufundisha jinsi herufi zile zile za KKK zinavyofanya kazi nyingine katika Kiingereza.

Kipo kipindi cha kuziba: zile wiki chache za mwanzo wa kidato cha kwanza ambazo walimu wanaziita beselaini, kozi ya kumzoesha mwanafunzi Kiingereza cha darasani. Shule nyingine huifanya kwa moyo. Nyingine huikatisha, kwa kuwa silabasi ni ndefu na mtihani wa kidato cha pili haungoji. Na hata ikifanywa yote, imeandaliwa kwa ajili ya mtoto anayesoma lakini hajazoea. Si kwa yule anayechora.

Kiingereza, kwa miaka mingi sasa, kimekuwa kikishika mkia au kukaribia mkia kati ya masomo ya mtihani wa darasa la saba. Hilo limezoeleka kiasi kwamba halishangazi tena chumba cha habari.

Miaka 40 ya kuvutana

Ukilitaja suala hili mbele ya Watanzania wawili wenye elimu, ndani ya dakika tano watakuwa wameshahama kutoka darasa la tatu hadi lugha ya kufundishia sekondari. Kuvutana huko kuna historia ndefu na kuna watu waliokufanya kwa uzito.

Tume ya Jackson Makweta, mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, alikitetea Kiingereza akisema nafasi yake duniani ni kama ya Kiswahili kwa Watanzania. Mwaka huo huo Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wakakuta ni kama asilimia 10 tu ya wale wa kidato cha nne walikuwa wamefika kiwango ambacho mtu angeweza kuanza kusomeshwa kwa Kiingereza. Kuanza, si kumaliza. Pamoja na hayo, walishauri Kiingereza kibaki. Uingereza ikagharimia mradi wa kukiimarisha kuanzia 1987, pamoja na vitabu vyepesi vya hadithi vya kusoma kwa ngazi.

Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walikusanya hoja za upande wa pili katika kitabu chao cha 1997 kuhusu mgogoro huo wa lugha: kufundisha kwa lugha isiyoeleweka hakumpi mtoto elimu wala hiyo lugha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamerudia ushahidi huo hadi wamechoka.

Upande wa wazazi hautoki vyuoni. Mzazi wa Kabanga mpakani anayefanya biashara na Warundi, au wa Biharamulo mjini mwenye duka la pembejeo, anaona wanaopata kazi ofisini na kwenye mashirika wanajua Kiingereza. Akipata fedha ya kahawa anampeleka mwanawe "English medium". Shule hizo za binafsi zimeenea nchini tangu miaka ya 1990, na sasa hata halmashauri kadhaa zina za kwao. Kumwambia mzazi huyo asubiri sera ni kupoteza muda wako na wake.

Sera yenyewe imepitiwa upya. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 jijini Dodoma, Februari 1, 2025. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unamkutanisha mtoto na Kiingereza mapema kuliko ule wa 2015. Sekondari imebaki pale pale.

Mimi niko na akina Qorro kuhusu lugha ya kufundishia. Lakini huu ni mjadala wa mtoto atakayefika sekondari. Kiswahili kingeshinda kesho asubuhi, Kiingereza kingebaki somo, na mtoto wa Ngara bado angelisoma "name" kama "na-me".

Ng'ambo ya mto

Kutoka Ngara, mfano wa kuanza mapema uko ng'ambo ya mto Kagera. Rwanda ilikihama Kifaransa mwaka 2008, na Desemba 2019 ikaamua Kiingereza kifundishie tangu darasa la kwanza. Wapo wazazi upande huu wanaoitaja Rwanda kwa wivu. Wanachosahau ni kwamba uamuzi huo uliwakuta walimu wengi waliosomeshwa kwa Kifaransa, na tangazo la serikali halikuwageuza usiku mmoja.

Mfano ninaouona una mafunzo zaidi ni wa Kenya. Programu ya Tusome, iliyoanza 2015 katika shule za umma, ilifundisha kusoma kwa Kiswahili na kwa Kiingereza sambamba katika madarasa ya chini, kila lugha kwa kanuni zake za sauti na herufi. Kila mtoto alipewa kitabu chake. Mwalimu alikuwa na mwongozo wa kila somo, na ofisa wa elimu alimtembelea darasani na kishikwambi, akamsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma, akamshauri mwalimu papo hapo. Haikuwa na siri zaidi ya hizo.

Kwetu, miradi mikubwa ya kusoma ilikuwapo pia, ila ramani yake inasikitisha ukiwa umesimama Biharamulo. EQUIP-Tanzania ya fedha za Uingereza ilifika Kigoma, Shinyanga na Mara, kwa majirani. Tusome Pamoja ya Wamarekani ilikwenda Iringa, Morogoro, Mtwara, Ruvuma na Zanzibar. Shule Bora ilichagua mikoa tisa. Kigoma imo, Mara imo, Kagera haimo. Kagera ilipata ya kitaifa, kama mafunzo ya KKK ya mradi wa LANES, lakini ile ya kushikwa mkono shule kwa shule ilipita pembeni.

Kigoma ndiyo inayouma zaidi. Huko watoto wanazungumza Kiha, pacha wa Kihangaza, na EQUIP iliandaa mpango wa miezi michache wa kuwaandaa watoto wasiopitia awali, kwa hadithi na mazungumzo, ili wasiingie darasa la kwanza wakiwa mabubu wa Kiswahili. Mpango wa namna hiyo ungeweza kuvuka Kakonko ukaingia Ngara bila kubadilisha mengi.

> Kigoma imo, Mara imo, Kagera haimo.

Salfeti na kalamu ya wino mzito

Je, bila mradi haiwezekani? Inawezekana kwa sehemu, na walimu wanaofundisha vizuri wanajua namna.

Wanaanza na mdomo. Wiki kadhaa mtoto anasikia na kutamka kabla ya kuona: simama, kaa, fungua mlango, hiki ni nini, vyote kwa Kiingereza na kwa vitendo. Neno asilolijua kwa sikio halisomeki kwa jicho.

Kisha herufi, kwa familia. Kwenye gunia la salfeti lililopasuliwa na kunyooshwa ukutani, mwalimu anaandika kwa kalamu ya wino mzito *mat, hat, cat*. Hapo kuna jambo geni la kwanza kwa mtoto wa Kibantu: neno linaloishia na konsonanti. Ulimi wake utaongeza irabu, "mati", "hati", na mwalimu atamrudisha taratibu. Familia hiyo ikishakaa, ndipo e bubu inaletwa, na inaletwa kwa Kiswahili, lugha wanayoelewana: e hii haisemi, kazi yake ni kuibadilisha iliyo nyuma. *Mat* ikawa *mate*. *Hat* ikawa *hate*. *Kit* ikawa *kite*. *Not* ikawa *note*. Mtoto aliyeonyeshwa jozi kumi za hivyo anaweza kubahatisha ya kumi na moja mwenyewe. Sheria hiyo ina wasaliti wake, *come* na *have* miongoni mwao. Watakuja kwa zamu yao.

Halafu imla. Maneno matano tu kila siku, ubao ukiwa umefunikwa, ili anayenakili ajulikane mapema. Vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi vinatosha kujengea maneno hayo sakafuni kabla hayajaingia daftarini.

Kinachovuruga kazi hiyo ni fedheha. Zipo shule ambako anayezungumza Kiswahili au kilugha huvishwa kibao shingoni mpaka atakapomkamata mwenzake. Matokeo yake ni watoto wanaonyamaza, na aliyenyamaza hafundishiki kutamka. Kukitumia Kiswahili kueleza e bubu ni kufundisha Kiingereza. Bado kuna wakaguzi na wazazi wasiokubali hivyo.

Nafasi ya walimu kupeana mbinu hizi ipo tayari kwenye karatasi. Inaitwa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo hufanyika shuleni kwenyewe na katika vituo vya walimu vya kata. Mahali ambapo vikao hivyo vinaishia kwenye takwimu na taarifa kwa Afisa Elimu Kata, mbinu ya salfeti inabaki kwa mwalimu mmoja na inahama naye akihamishwa.

Kabla ya 2028

Kuna muda mwingine unaopotea na hautajwi. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Mwenye uwezo humpeleka mtoto "pre-form one". Mtoto wa mkulima wa Kishubi au wa mfugaji pembezoni mwa hifadhi ya Burigi-Chato anarudi shambani au machungani karibu miezi minne, na kile kidogo alichokuwa nacho kinapotea huko. Majengo ya shule yapo, walimu wapo, likizo ya Desemba ni wiki chache tu kati ya hizo. Halmashauri ikitaka, hiyo ndiyo nafasi ya bei rahisi kuliko zote kumpima kila mtoto kusoma na kumfundisha aliye nyuma, kabla hajavaa sare mpya.

Haraka ipo. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watahitimu pamoja, na Januari 2028 mikupuo miwili itaingia kidato cha kwanza kwa mlango mmoja. Mmoja kati ya hiyo utakuwa umesoma mwaka pungufu. Mipango inayosikika zaidi ni ya vyumba vya madarasa, madawati na ajira za walimu, na yote ni ya lazima. Beselaini ya mwaka huo itafundishwa na nani, kwa wanafunzi wangapi kwa darasa, na kwa kitabu gani kinachoanza na *mat* kabla ya photosynthesis, ni swali ambalo wakurugenzi wa Ngara na Biharamulo wanaweza kuulizwa kwenye kikao chochote cha baraza la madiwani.